Filamu Iliyokosa Maneno

Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa pale kiliposema, "Ahsante."

Aliyesikia ni mtu mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa amekishika. Watu wengine wote wa ukumbi ule wa video walikuwa wakicheka mzaha alioutoa punde hivi, baadhi yao wakipiga benchi kwa viganja, na kicheko cha namna hiyo hufunika mengi. Akakitazama kile chombo mkononi mwake. Swichi ilikuwa chini, na kitaa chake chekundu hakikuwaka. Akakitikisa, akakipuliza, akajiambia kwamba nyaya kuukuu zina mambo yake, kisha akairudia kazi.

Kazi yake ilikuwa kuzitafsiri filamu. Kila alasiri aliketi kwenye meza ndogo ubavuni mwa kitambaa cheupe kilichoonyeshewa filamu, na wahusika walipofungua vinywa kwa lugha ambayo watazamaji hawakuijua, yeye aliwasemea wote: mfalme, mwizi, mama mkwe, na mbwa pia iwapo mbwa alitazama kwa macho ya kusema. Walimpachika jina la Chiriku kwa kuwa kinywa chake hakikujua kupumzika. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kutumiwa na mkewe peke yake, na mkewe alikuwa amekwisha kuzikwa.

Tangu mazishi yale Chiriku alizidi kusema. Wafasiri wengine wakikuta pengo la kimya ndani ya filamu huliacha lipite, yeye alilijaza. Upepo ukivuma jangwani, aliupa upepo maneno. Mtu akilala usingizi, alimtafsiria ndoto. Watazamaji walimpenda kwa hilo, wala hapakuwa na aliyejua kwamba mwenyewe hakuwa akichekesha bali akikimbia, maana kila kimya kilipomkuta kilikuwa na umbo la upande mtupu wa kitanda.

Filamu ya siku ile ilikuja ndani ya furushi la diski ambalo Mwenye Ukumbi alilinunua bila kulifungua. Ilikuwa na mwanamke mmoja na nyumba moja. Mwanamke ananyunyizia sakafu maji, anafagia, anabandika birika, anaketi. Kamera inautazama ukuta hadi mwanga wa jua unahama kutoka msumari hadi msumari. Hakuna anayesema.

"Chiriku! Hii ni filamu au kalenda?" akauliza fundi baiskeli kutoka benchi la mbele.

"Mwache mama wa watu amalize kufagia," akajibu muuza mitumba. "Wewe kwako ufagio umeota kutu."

"Ufagio unaota kutu?"

"Wako unaota."

"Mimi nimekuja nione mtu akifa!"

"Subiri basi. Utakufa wewe, kwa kuchoka."

Chiriku alifanya alivyoweza. Alimtungia mwanamke yule mume mlevi, akamtungia deni la dukani, akalifanya birika liimbe. Nusu ya watu walikuwa wamekwisha kuondoka. Ndipo, katika filamu, mlango ukabishwa. Mbisho mzito, wa mtu asiye na haraka. Mwanamke akainuka nusu, akautazama mlango, na kamera ikamtazama yeye, na muda ukapita, na kwa mara ya kwanza alasiri ile ukumbi mzima ukanyamaza.

Chiriku hakukiweza kile kimya. Akakiinamia kipaza sauti, akachukua sauti ya marehemu mkewe, ile aliyowapa wanawake wote wema wa filamu enzi za uhai wake na ambayo hakuwa ameigusa tangu azikwe, akasema kwa mahadhi yake yote: "Pita ndani, mwenzangu, pita, mlango haujafungwa! Nyumba hii haina mtu!"

Watu wakaangua kicheko. Chiriku akazima swichi ili avute pumzi. Na kile chombo kikashukuru.

*

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya ukumbi, ikiushiriki ukuta mmoja: chumba chake, chumba cha bintiye, na stoo iliyowekwa nguo na vyombo vya marehemu. Binti alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule karibu na dirisha la mbele, na kwa kuwa alirithi kinywa cha baba yake, alisema na kitambaa, akaigombeza sindano, akaimba.

"Shikamoo baba. Leo mmeonyesha nini? Mbona watu wametoka wamenuna?"

"Marahaba, mama. Filamu ya mwanamke anafagia."

"Halafu?"

"Halafu anakaa."

"Halafu?"

"Ndiyo hiyo imekwisha."

Binti akacheka hadi akashika kitambaa kisianguke. "Hiyo si filamu, baba. Hayo ni maisha yangu."

Akairudia kazi. Cherehani ikanguruma, kisha akaondoa mguu ili akate uzi. Ngurumo haikukoma. Iliendelea kidogo, mishono michache tu, ikitoka upande wa stoo, ambako cherehani ya mamaye ilikuwa imefunikwa gunia.

"Baba," akanong'ona, mkasi ukiwa hewani. "Nimeondoa mguu."

"Ni mwangwi, mwanangu. Kuta hizi ni nyembamba."

"Mwangwi unachelewa hivi?"

Chiriku akanusa hewa. Kulikuwa na harufu ndani ya nyumba ambayo haikuwapo asubuhi, harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji, kama chumba kinapokaribia kufagiwa. Na sakafu yao ilikuwa ya saruji, kavu.

Katika siku zilizofuata, yaliyokuja yalikuja taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayejizoesha nyumba. Birika lilikutwa na uvuguvugu wakati jiko halijawashwa. Mwanga wa alasiri ulikaa ukutani hata baada ya jua kuzama, mraba mmoja mweupe usio na dirisha lake. Na Chiriku, akirudi kazini, alianza kusikia mtu akiimba puani ndani ya stoo, wimbo usio na maneno ambao mkewe aliuimba alipokuwa akikunja nguo.

Hapa ndipo alipokosea, na kosa lake halikuwa la ujinga. Aliyajua aliyofundishwa utotoni: kwamba tunao majirani walioumbwa kwa ulimi wa moto usio na moshi, wenye uwezo wa kuvaa sauti kama mtu avaavyo kanzu ya mwenziwe, na kwamba asikiaye sauti ya aliyekufa hupaswa kuomba hifadhi kwa Mola wake na kuondoka. Alijua, na hakuomba. Alileta kigoda kidogo uani, akakiweka karibu na ukuta wa stoo, akawa anaketi hapo kila machweo, mikono magotini, akisikiliza. Na yeye, mtu wa maneno, hakusema lolote, kwa kuchelea asije akaukatiza wimbo.

Binti alianza kupunguza kuimba. Kisha akapunguza kusema. Akiulizwa, alijibu kwa kuchelewa, akigeuza kichwa kwanza kuelekea stoo kama mtu anayesubiri zamu yake katika mazungumzo ya watu wengine.

Siku moja, Chiriku akiwa kwenye kigoda chake na jua lingalipo, alisikia kutoka ndani jina la bintiye likiitwa kwa ile sauti aliyoijua, na akamsikia binti akiitika, "Abee, mama!" kwa furaha, kama mtoto aliyeitwa kula, na akasikia kiti kikisukumwa, na kandambili zikipita sebuleni kuelekea kwenye mlango wa stoo, na alipaswa kupiga kelele, alipaswa kuruka na kuingia, lakini ile sauti ikaendelea kusema, ikimwambia binti aje amshikie ncha ya shuka wakunje pamoja, na ilikuwa sauti ile ile, na uchovu ule ule mtamu ndani yake, na Chiriku akabaki ameketi, akitaka kusikia neno moja zaidi, moja tu, hadi mlango wa stoo ukafungwa.

Alipoingia, alimkuta binti ameketi sakafuni katikati ya stoo, uso kwenye mlango, macho makavu. Shuka ilikuwa imekunjwa vizuri mapajani mwake. Kinywa chake kilikuwa wazi na midomo ilikuwa ikicheza, ila hakuna kilichotoka. Sauti yake ilikuwa mahali pengine. Ilikuwa nyuma ya cherehani iliyofunikwa gunia, ikichekacheka na sauti ya mama yake.

*

Mwenye Ukumbi ndiye aliyekwenda kumwita bibi mwosha maiti. Mama huyu alikuwa amewaosha wanawake wengi wa mtaa ule kwa safari yao ya mwisho, naye alikuwa na kisomo alichokipata kwa babu yake. Hakupenda kuitwa mganga. Alisema kazi yake ni usafi.

Alimtazama binti, ambaye tangu siku ile ya stoo hakuwa ametia kinywani ila maji, na ambaye kila alipoinuliwa kutoka sakafuni alirudi kuketi pale pale kama kitu kilichopigiliwa. Akaweka kiganja kooni pake.

"Hapa hamna mtu," akasema kwa sauti ya chini. "Sauti imetangulia. Mwenyewe atafuata."

"Lini?" akauliza Chiriku.

"Wewe unataka tarehe kama ya harusi? Atafuata. Haya, nieleze, na leo usitie chumvi."

Akamweleza yote: filamu, mbisho, jibu alilolitoa, na sauti aliyoitumia. Alipofika kwenye kigoda, akainamisha kichwa. Bibi mwosha maiti akaguna.

"Wewe na mdomo wako! Yule nilimwosha kwa mikono hii. Nilimwambia, pumzika sasa mwenzangu, umepata kimya. Kumbe wewe huku unaiazima sauti yake kwa wapita njia." Kisha akalainika. "Niambie, filamu hiyo, watu waliimaliza?"

"Nusu waliondoka. Waliobaki walikuwa wakitaniana."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa kazini, bibi. Nilikuwa natafsiri."

"Basi hapana aliyeitazama." Akakunja mkeka wake. "Mimi kisomo ninacho, na nitakisoma. Lakini kisomo humtoa aliyevunja akaingia. Huyu hakuvunja. Alibisha kwa adabu, akaambiwa pita, tena kwa sauti ya mwenye nyumba. Mwanamke yule wa filamu alimfungulia?"

Chiriku akafikiri. Akaona aibu. "Sijui. Watu walikuwa wakicheka."

"Nenda ukajue. Irudieni hiyo filamu, tangu mwanzo hadi mwisho, na usitie neno. Atakapobisha, usijibu. Usikohoe, usiguse mlango, usimlaani. Akikosa jibu pale pale alipolipata mwanzo, ruhusa yake imekwisha, na alichokichukua atakiacha."

"Ni hivyo tu?"

"Kwa mtu mwingine, ni hivyo tu."

*

Waliingia ukumbini alasiri ya kesho yake, milango ikiwa imefungwa kwa watu. Binti aliketishwa benchi la mbele, na baba yake kando yake, mbali na meza yake na kipaza sauti chake. Bibi mwosha maiti alikaa nyuma na tasbihi. Mwenye Ukumbi aliiwasha deki, akasimama karibu na swichi ya taa.

"Ningejua ningenunua za karate," akanong'ona.

"Nyamaza," akasema bibi.

Mwanamke akanyunyizia sakafu maji.

Mwanzoni Chiriku aliteseka kwa mateso ya mwili hasa. Maneno yalimpanda kooni kwa mazoea, mzaha kuhusu ufagio, mzaha kuhusu birika, na aliyameza moja baada ya jingine kama mtu anayemeza kokoto. Kisha, kwa kuwa hakuwa na la kufanya ila kutazama, akaanza kutazama. Akaona kwamba mwanamke yule alifagia pande zote za chumba ila mahali pamoja, karibu na kiti cha pili, na kwamba alipofika hapo ufagio wake uliinuka kidogo ukapita juu, kama anayekwepa miguu ya mtu aliyeketi. Akaona kwamba aliteremsha vikombe viwili na kurudisha kimoja. Akasikia, chini ya kimya kile alichokuwa amekijaza mizaha, sauti nyingi ndogo zilizopangwa kwa subira: tone la maji, ubao unaojinyoosha, pumzi. Mwanga ukahama kutoka msumari hadi msumari, na safari hii akausindikiza, na ilimjia kwamba aliyeitengeneza filamu hii hakukosa cha kusimulia. Hadithi ilikuwa nyembamba kama uzi, kweli, mtu angeweza kuimaliza kwa pumzi moja. Alichokitengeneza ni chumba, akamwachia mtazamaji nafasi ya kuketi ndani yake, na chumba kile Chiriku alikijua. Alilala ndani yake kila usiku.

Harufu ya vumbi lililolowa ikaujaza ukumbi. Binti kando yake alikuwa akihema haraka haraka.

Mlango ukabishwa.

Ulibishwa ndani ya filamu, mbisho mzito, wa mtu asiye na haraka, na mwanamke akainuka nusu. Na kabla mwangwi wake haujafa ukabishwa tena, na mbisho huu wa pili haukutoka kwenye spika, ulitoka kwenye mlango wa mbao wa ukumbi, ule wa kuingilia, kulia kwao.

"Hodi humu," ikasema sauti ya mkewe.

Chiriku akalishika benchi kwa mikono yote miwili.

"Hodi, jamani. Mbona mmejifungia mchana?" Kisha kicheko chake kile cha puani. "Bwana maneno mengi, leo umemeza ulimi? Nifungulie. Mikono yangu imejaa."

Nyuma yake alisikia tasbihi ikienda kwa kasi. Kwenye kitambaa cheupe mwanamke alikuwa amesimama, ameutazama mlango, na kamera haikumwacha, nayo sauti ikashuka chini, ikawa ile ya gizani, ya mito miwili ya kitanda iliyo karibu, ikamwita Chiriku kwa jina lake la kuzaliwa, jina ambalo hakuwa amelisikia tangu siku aliyomfumba macho kwa vidole vyake mwenyewe, ikasema huku nje pana baridi, ikasema njia aliyokuja nayo ni ndefu na haina taa, haina mtu hata mmoja wa kusema naye, ikasema haombi kukaa, anaomba tu aambiwe neno, lolote lile, hata la kumfukuza, aondoke angalau akijua kwamba alisikiwa, ikauliza, na sasa ilikuwa ikilia, "Kwani nilikukosea nini?" na Chiriku akauma kiganja chake hadi akaonja damu, na machozi yakamtoka bila sauti, na kupitia machozi yale akauona uso wa mwanamke wa filamu kama hakuwahi kuuona, akaona kwamba haukuwa uso wa hofu, haukuwa hata kidogo, na akaelewa, akiwa pengine mtu wa kwanza katika ukumbi ule kuelewa, kwamba mwanamke yule hakukataa kufungua kwa kuwa hakumjua aliyeko nje; alikataa kwa kuwa alimjua.

Mwanamke akaketi. Akakishika kikombe chake kwa mikono miwili, akanywa.

Mlango ulibishwa mara nyingine, kwa kidole kimoja, polepole. Kisha haukubishwa tena.

Filamu haikuishia hapo. Iliendelea kwa muda mrefu, chai ikapoa, mwanga ukafika msumari wa mwisho ukazimika, na Chiriku akaitazama yote, hadi kitambaa kikawa cheupe na Mwenye Ukumbi akawasha taa.

Harufu ile haikuwapo.

"Baba," akasema binti. Sauti ilikwaruza kama mlango wa chumba kilichofungwa siku nyingi, lakini ilikuwa yake, na ilitoka kinywani mwake. "Imekwisha?"

"Imekwisha, mama."

"Haina hadithi."

"Haina."

"Lakini ni nzuri." Akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Mwanzoni nilikuwa siioni. Ulikuwa unasema mno, baba. Ulikuwa unasema juu ya kila kitu."

Bibi mwosha maiti akainua kichwa. Mwenye Ukumbi akamtazama Chiriku, na Chiriku, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu alipoketi, akauliza kwa upole, "Nilisema hadi wapi?"

"Hadi pale mlangoni. Pale ukanyamaza, hukusema tena. Ndipo nikaanza kuiona."

"Alhamdulillahi," bibi akamnong'oneza Chiriku. "Alikuwa ameivaa na sauti yako; mlangoni ameivua." Akaanza kukusanya vitu vyake.

Binti alikuwa bado akikitazama kitambaa cheupe. Alikuwa na njaa sasa, ilionekana usoni, na rangi ilikuwa ikimrudia midomoni. "Yule mwanamke," akasema. "Kwa nini hakufungua? Mlangoni alikuwa nani?"

Chiriku akaugeukia mlango wa ukumbi. Chini yake ulipita mwanga wa jioni, mstari mmoja mzima, haukukatwa na kivuli cha miguu ya mtu yeyote.

"Filamu haikusema," akajibu.